Lenzi Inayonuka Moshi

Sekela,

Karatasi hizi utazikuta kwenye mfuko wa kamera, kile kijimfuko cha pembeni unachowekea betri za akiba. Nimezitia hapo makusudi. Nakujua: hukai mahali kabla hujahesabu betri zako. Kwa hiyo utaanza kunisoma kabla basi halijafika Kiwira, na mimi nitakuwa nimebaki huku, mahali ambapo huwezi kuniangalia usoni. Hilo nalo nimelipanga.

Sasa hivi wewe na mama yako mko Kisiba, mmekwenda kumuaga bibi yako, na kwa mvua hii hamrudi mapema. Nimefunga studio saa tisa, mchana kweupe. Kuna mtu amegonga, nadhani ni wa picha za pasipoti. Nimenyamaza kama sipo.

Habari za nauli, za blanketi, za kutompa mtu begi lako akushikie, mama yako ameshakuambia mara kumi na moja. Nimehesabu. Mimi sina la kukuagiza. Nina kitu chako nilichokichukua miaka minne iliyopita, na nataka ukipate kabla hujafika Dodoma.

Jana asubuhi Ambakisye alinipigia simu. Wewe unamwita Anko Amba. Kuanzia keshokutwa utamwita bosi. Mimi nimemwita majina mengine kwa zaidi ya miaka ishirini, na mengi hayaandikiki.

"Fundi," akasema. Unajua anavyolitamka neno hilo, kama vile mimi naziba pancha za baiskeli. "Mtoto wako ana ugomvi gani na lenzi zangu?"

"Ugomvi upi?"

"Ile wiki aliyokuja nikamjaribu, nilimwekea mezani lenzi nne, zote za kampuni yenyewe ya kamera. Pembeni kulikuwa na moja ya kampuni nyingine, ya akiba, hata mimi nilikuwa nimeisahau. Akachukua hiyo. Namwambia, mwanangu, acha hicho, chukua hizi. Ananijibu, 'Za kampuni sishiki, Anko. Nina mkono mbaya. Niliua moja ya baba.'"

Nikavuta kiti cha wateja, nikakaa.

"Upo, fundi?"

"Nipo."

"Basi sikia. Picha zake nzuri, sikatai. Lakini nusu ya kazi zangu ni kumbi za giza, na ile ya akiba humo haifui dafu. Siwezi kukaa na mpiga picha anayeogopa vifaa. Nimempa mwezi mmoja. Asiposhika lenzi kama watu wanavyoshika lenzi, nakurudishia mwanao salama salimini."

Nitakuambia jambo la kwanza lililonijia moyoni, ingawa linanitia aibu. Haikuwa huruma. Nilifurahi. Nilisema: mwezi mmoja tu, halafu anarudi. Nikajikuta nimesimama mbele ya kalenda ya ukutani nahesabu siku kwa kidole, na nilifika ishirini na kitu ndipo nikaona kidole changu kinafanya nini.

Mkono wako si mbaya, Sekela. Ile lenzi hukuiua wewe. Niliiua mimi, na nilijua hivyo siku ile ile niliyokuacha ulie.

Sasa nikuanzie mwanzo, maana nikikuambia hilo tu utadhani nakufariji.

Wivu wangu kwa Ambakisye una umri mkubwa kuliko wewe. Tulianza kazi hii wote wawili. Mimi nilikuwa nachuma chai kwenye mashamba ya kampuni, kilo kwa kilo, mpaka nikapata kamera ya mtumba yenye mkanda uliokatika. Yeye alitumiwa kamera na mjomba wake aliyekuwa Afrika Kusini, ikiwa ndani ya boksi, na lenzi yake ya kampuni, na kitambaa cha kufutia lenzi. Mpaka kitambaa, Sekela! Mimi yangu nilifutia shati.

Kipaimara cha kwanza tulichopiga pamoja kanisani, mvua ilikuwa kama hii, ndani giza kama jikoni. Kwenye picha zangu watoto walitoka kama waliopakwa masizi. Kwenye za Ambakisye ungesema kila mtoto alikuwa na dirisha lake. Wazazi walikuwa hamsini na wawili. Arobaini na wanne wakaenda kununua kwake. Wanane walibaki kwangu, na kati ya hao watatu ni ndugu zetu.

Tangu siku ile nilipokuwa nikikutana naye njiani sikuangalia uso wake. Niliangalia kifua, pale kamera inapokaa.

Wewe ukiwa na miaka kumi ndipo nilipopata lenzi yangu ya kwanza ya maana, hiyo iliyomo mfukoni mwako leo. Mpaka hapo nilikuwa naamini kwamba lenzi yoyote isiyo na jina la kamera ni feki. Muuzaji wa Kariakoo akacheka, akanieleza: kuna kampuni haitengenezi kamera kabisa, kazi yake ni lenzi tu, za kuvaa kwenye kamera za wenzake. Siyo feki, ni ya fundi mwingine. Ile ya kampuni, iliyokwishatumika, ilikuwa milioni tatu na laki moja. Hii ilikuwa milioni moja na laki mbili, inaona upana ule ule, inafunguka kwa mwanga kiasi kile kile. Nikapiga hesabu palepale juu ya kiganja, nikanunua, nikarudi Tukuyu nikiimba.

Wiki iliyofuata tulikutana na Ambakisye kwenye harusi. Akaishika kamera yangu, akaigeuza, akasoma jina kwenye lenzi. Halafu akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: "Aa, ndugu yangu! Umemvalisha ng'ombe pembe za mbuzi!"

Wapishi wakacheka. Bwana harusi akacheka. Na mimi nikacheka, ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo.

Naomba uniamini nikikuambia kwamba pembe hizo za mbuzi ndizo zilizokulisha. Zilijenga vyumba viwili vya nyuma. Lakini sitaisifu lenzi kwa sababu tu ni yangu. Ina kasoro, na unazijua. Kwenye giza inatafuta, inaenda mbele inarudi nyuma kama mtu aliyesahau alikoweka ufunguo. Kwenye harusi moja ilitafuta hivyo mpaka pete ikaingia kidoleni, na mimi nimepata picha ya sikio la mchungaji. Nilimwomba mchungaji warudie. Akaniambia, "Ndoa hairudiwi kwa ajili ya kamera, kijana." Kijana, na mimi nina mvi.

Na nilipobadilisha kamera, ile mpya ikakataa kuitambua lenzi. Nilifanya kazi wiki tatu kwa lenzi ya kuazima huku yangu iko Dar inafundishwa kuzungumza na kamera mpya. Kitu kama hicho hakimpati mwenye lenzi ya kampuni. Ndiyo, ana haki ya kuringa kidogo.

Basi baada ya ile pete nikauza mitamba wawili, wale ambao mama yako alikuwa ameshawapa majina, nikaenda kununua ya kampuni. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Mama yako aliniuliza, "Ile ya kwanza imeharibika?" Nikasema inasumbua kwenye giza. Ni kweli ilikuwa inasumbua. Lakini mwanangu, mtu anaweza kusema neno la kweli ili afiche neno jingine. Kanisani kwenye giza nilikuwa napiga mara mbili au tatu kwa mwezi, na kwa hizo ningeweza kukodi. Mitamba wawili niliwauza kwa ajili ya kicheko cha wapishi.

Na baada ya kuinunua, unakumbuka nilivyoitunza. Kitenge kipya, ndani ya mfuko wa ngozi, ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda. Kufuli, na ufunguo kwenye mkanda wangu. Nilikuwa naitoa siku kubwa tu, na hasa siku nikijua Ambakisye atakuwepo. Siku nyingine zote nilifanya kazi kwa ile ya mbuzi, na jioni nikirudi wewe unaitwaa, unakwenda nayo nyuma ya nyumba kupiga kuku.

Unajua mama yako alivyokuwa akiihifadhi hiyo yako. Kopo la maziwa lenye mfuniko, mchele uliokaangwa kavu ukafungwa kwenye kitambaa, lenzi juu yake, na kopo likapandishwa uchanjani jikoni, pembeni ya mbegu za mahindi. Nilimgombeza. Nikamwambia lenzi siyo mbegu.

Akanijibu bila kugeuka: "Kila kinachooza Tukuyu kinaozea chumbani, Baba Sekela. Juu ya meko hakiozi."

Mimi, mtoto wa hapa hapa, niliyeona viatu vya ngozi vikiota kuvu vikiwa chini ya kitanda, ninayejua kwamba huku hata Biblia isipofunguliwa mwezi mzima inaota madoa, nilichukua kioo cha milioni tatu na laki moja nikakivika nguo, nikakitia ndani ya ngozi, nikakifungia gizani. Nimeangalia daftari langu la kazi leo. Kwa miaka mitatu niliitoa sandukuni siku kumi na tisa. Ile ya mbuzi imefanya kazi siku mia sita na arobaini mpaka niliposimama kuhesabu. Gawanya mwenyewe. Mimi nimeshagawanya, sitaki kuandika.

Sasa nije kwenye ile picha.

Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Ulimpiga bibi yako akimenya ndizi mlangoni kwake Kisiba, mwanga umemwingia upande mmoja tu, kisu kimesimama katikati ya ganda, na yeye anakuangalia kama anayetaka kukuuliza umekula. Niliisafisha mwenyewe, kwa ukubwa, nikaitundika studio. Sikuandika jina.

Krismasi Ambakisye alikuja likizo kutoka Dodoma, alikokuwa amehamia mwaka ule. Akaingia kunisalimu, kumbe ni kuniangalia. Akasimama mbele ya picha hiyo. Akaisogelea, akarudi nyuma hatua mbili, akaisogelea tena.

"Hii kapiga nani?"

"Nani mwingine?" nikasema.

"Kwa lenzi gani?"

"Ya kampuni. Si unaona mwenyewe."

Akavua kofia. Akaishika kifuani kama aliyesimama makaburini. "Fundi," akasema, na siku ile hakulitamka kwa dharau, "leo nimekuvulia kofia."

Nilikuwa nimesubiri miaka mingi kuona kichwa cha mtu yule bila kofia mbele yangu. Wewe ulikuwa mezani unakata picha za pasipoti. Mkasi wako ukasimama. Halafu ukaendelea. Nilisikia vyote viwili, kusimama na kuendelea, na nikaendelea kumwonyesha Ambakisye mahali pa kukaa, kumuuliza anakunywa soda gani.

Niliiba mara mbili kwa pumzi moja. Nilikunyang'anya wewe picha, nikainyang'anya na lenzi iliyoipiga.

Tangu hapo ndipo ufunguo ukahama kutoka kwenye mkanda kwenda mahali ambapo hata mama yako hakupajua. Haikuwa kwa ajili ya wezi. Nilifikiri hivi: kama kwa pembe za mbuzi amenifanyia hivi, akishika za ng'ombe atanifanya nini? Baba mzima, na mtoto wangu mwenyewe. Wivu kwa Ambakisye niliweza kuuelezea, nilikuwa na kipaimara, nilikuwa na wapishi. Huu wa pili haukuwa na kesi. Hukuwa umenikosea kitu. Ulikuwa umemwona bibi yako vizuri kuliko nilivyomwona mimi, na ni mama yangu.

Miezi mingi baadaye nilikuwa na harusi Kiwira. Nikaitoa lenzi ya kampuni sandukuni. Kurudi nyumbani, kufungua picha, zote zina weupe, kama mtu aliyepumulia kioo. Bibi harusi akauliza, "Mbona tumefifia?" Nikamwambia ni moshi wa majiko ya nyama. Usiku nikamulika lenzi kwa tochi. Nyuzi nyeupe, nyembamba, zimetambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, kama mizizi ya nyasi. Kuvu. Nikampigia fundi wa Dar nikamweleza. Akaniambia limeshakula rangi ya kioo, likisafishwa litaacha alama, lenzi haitarudi kama ilivyokuwa.

Nikaivika kitenge chake, nikairudisha sandukuni, nikafunga kufuli. Hata paka aliyeua kuku hafungi mlango nyuma yake.

Siku kumi na nane baada ya hapo, sikiliza hesabu hiyo vizuri, siku kumi na nane, zikaangukiana kazi mbili: harusi hapa mjini, na msiba Lupepo ambako walitaka picha za kuaga. Mtu mmoja hawezi. Ulikuwa na miaka kumi na saba, na mimi nilikuwa na kamera mbili, lenzi nzima moja na lenzi mgonjwa moja. Harusi ilikuwa yangu. Nikachukua nzima. Nikatoa sandukuni ile mgonjwa, nikakukabidhi, nikasema, "Leo umekua. Chukua ya kampuni."

Uliipokea kwa mikono yote miwili. Ukapiga goti, Sekela. Ukashukuru kwa lugha ya bibi yako, "Ndaga fijo, baba." Ningekuwa mtu, ningeisimamisha dunia pale.

Lupepo ikanyesha manyunyu. Ulivua sweta ukaifunga lenzi, wewe ukarudi umelowa mpaka mifupa, meno yanagongana, unasema haikulowa, baba, angalia, haikulowa. Nikachukua tochi. Nikamulika. Nikakuonyesha zile nyuzi.

Ukauliza, "Ni mvua, baba?"

Nikasema, "Wewe unafikiri ni nini?"

Hilo ndilo neno langu lote. Ukinipeleka mbele ya wazee nitasema sikukuambia ni mvua. Nilikuacha ulimalizie mwenyewe, na ukalimalizia, na mpaka mwezi uliopita ulikuwa bado unalimalizia mezani kwa Ambakisye.

Mama yako alikuwa mlangoni. Akasema, "Kuvu linaota kwa siku moja? Mimi nalima. Kuvu la mahindi silijui la siku moja." Nikamwambia mambo ya vioo hayajui. Akaniangalia, akachukua jembe, akatoka. Hajalirudia neno hilo miaka minne.

Na bado kuna kingine. Mzee wa ule msiba alikuja kuchukua picha. Zilikuwa na ule weupe, nikaanza kumwomba radhi. Akanizuia kwa mkono, akazipanga juu ya meza moja moja, mama mfiwa, watoto, mikono iliyoshika jeneza. Akasema, "Huyu binti anaona kuliko wewe, ndugu yangu." Wewe ulikuwa shuleni. Jioni uliniuliza walisemaje wa Lupepo. Nikajibu, "Wamechukua." Maneno ya yule mzee ni yako. Nimekucheleweshea.

Sasa kuhusu lenzi. Utaniuliza, maana wewe ni wa vitendo kama mimi: basi nishike ipi?

Shika ile inayotakiwa na kazi. Kwenye kumbi za Ambakisye za giza, chukua yake ya kampuni na usione haya, inakamata jicho la mtu kabla hajapepesa. Siku za kwanza mkono utakukosea, maana yako inazungushwa kushoto kuvuta na zao nyingi zinazungushwa kulia. Utakosa picha kumi, ishirini. Huo si mkono mbaya, ni mkono uliozoea nyumba nyingine. Dodoma ni kukavu, kuvu halitakusumbua, vumbi ndilo litakalokusumbua. Nje, mchana, kwa mtu aliyetulia mlangoni anamenya ndizi, hakuna mteja duniani atakayejua umetumia ipi. Nimeziweka picha za lenzi zote mbili mbele ya watu, nikawauliza. Walikuwa wanabahatisha, na mimi nilikuwa nabahatisha nao.

Siku ukinunua yako, jiulize jambo moja ambalo mimi sikujiuliza: kama kusingekuwa na mtu mwingine mwenye kamera mjini hapa, ningeinunua hii? Kama jibu ni ndiyo, nunua hata kwa milioni tano. Na ukishainunua, itumie hadi rangi itoke. Usiifungie mtu. Mimi nilidhani nimefungia kioo.

Nilikuwa nimefika hapa nikaweka kalamu chini, nikampigia Ambakisye. Barua peke yake ni ya mwoga. Wewe ungepata ukweli na yeye angebaki na uongo wangu, halafu mwezi wako ungeisha.

Nikamwambia yote. Kitenge, sanduku, Kiwira, siku kumi na nane. Hakunikatiza, jambo ambalo sikulitegemea. Mwisho akauliza, "Na ile picha ya bibi? Ile niliyokuvulia kofia?"

"Alipiga yeye."

"Kwa lenzi yako ya kampuni?"

"Kwa pembe za mbuzi."

Nilisubiri acheke. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, nimekaa nacho miaka yote hii, nakijua kinavyoanza. Badala yake akapumua, akasema, "Nilijua. Mkasi wa mtoto ulisimama. Ukadhani nilimvulia nani kofia, wewe?"

Nimekuwa nikiringia heshima ya mtu yule kwa miaka sita, kumbe haikuwa yangu hata dakika moja. Unaona ilivyo? Hata sasa, nikiandika, kinachonichoma ni hicho. Siwezi kukudanganya kwamba nimepona. Kesho utaondoka kwangu uende kwa mtu ambaye kila kitu chake kimetoka kwenye boksi, na sasa anampata na mwanangu pia. Atakufundisha mambo ambayo mimi siyajui. Utakuwa unasema "Anko Amba anasema hivi" kwenye simu, na mimi nitakuwa nasema "Ee, ni kweli" huku nimekunja ngumi.

Lakini akikuwekea lenzi nne mezani, shika ya kwanza uliyoiona. Mkono wako haujawahi kuua kitu. Uliivulia lenzi iliyokufa sweta lako kwenye mvua.

Nimeitoa sandukuni. Nimeiweka kwenye dirisha la studio, bila kitenge, kila anayeingia aione. Akiuliza imekufaje, nitamjibu. Picha ya bibi nimeishusha, nimeandika kwa kalamu ya wino chini kulia: Picha, Sekela. Mwandiko umepinda, nimeirudisha ukutani hivyo hivyo.

Ya mbuzi ni yako. Iko humo mfukoni, kwenye kopo lake. Mama yako amekaanga mchele mpya. Ukiifungua Dodoma itanuka moshi wa jikoni kwetu. Waache wakucheke, halafu wapigie picha.

Na ukipiga nzuri kwa lenzi ya Ambakisye, nzuri kweli, nitumie. Nitaiangalia mara ya kwanza kwa wivu. Nipe muda kidogo. Nitaiangalia tena.

Baba yako,
studio, Tukuyu, mvua bado